Reli ya Jimbo la Kusini

'''Reli ya Jimbo la Kusini''' (hutajwa pia kama '''Reli ya Mtwara–Nachingwea''') ilikuwa njia ya reli kusini mwa Tanganyika, katika maeneo ambayo leo ni mikoa ya Lindi na Mtwara nchini Tanzania. Ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ikaanza kazi mwaka 1949 na kufungwa mwaka 1962. Baada ya hapo reli ziling'olewa. Njia hii haikuwahi kuunganishwa na Reli ya Kati wala na reli ya Tanga, kwa hiyo treni zake zilizunguka kusini peke yake kati ya pwani na Nachingwea.

Reli nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilijengwa kufuata mzigo uliokuwapo tayari au njia za misafara. Hii ilijengwa kufuata mzigo uliotarajiwa, na mzigo huo haukufika.

== Nchi ilivyo ==

Kusini mwa Lindi na Mtwara kuna nyanda mbili za juu zinazojulikana sana. Upande wa kusini, kuelekea mto Ruvuma, iko Nyanda ya Juu ya Makonde yenye miji ya Newala na Tandahimba. Upande wa kaskazini iko Rondo, yenye msitu wake mashuhuri. Zote mbili hufikia karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kingo zake ni miteremko mikali. Katikati yake unapita mto Lukuledi, unaoanzia upande wa Masasi na Nachingwea na kuingia baharini kwenye hori ya Lindi. Bonde hilo limekuwa mlango wa kuingilia bara tangu zamani. Misafara ililitumia, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi yalipigana humo: mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalikuwa kati ya makali zaidi katika vita vya Afrika Mashariki. Katika vita hivyo jeshi la Waingereza lilitandika reli nyembamba kutoka Mingoyo, karibu na Lindi, kuelekea bara.

Nachingwea iko magharibi mwa nyanda hizo, kwenye kimo cha takriban mita 400. Ruangwa iko kaskazini yake. Wenyeji wa pande hizi ni hasa Wamwera, pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Wakati wa reli Ruangwa haikuwa wilaya. Ilipata hadhi hiyo miongo kadhaa baadaye.

Mtu anayetazama ramani ya miinuko huona mara moja kwa nini wahandisi walichagua bonde. Kwa kupita chini, reli ingeweza kufika kimo cha Nachingwea polepole, bila mahandaki na bila mitambo ya kupandishia. Reli nyingine za Afrika Mashariki hazikuwa na bahati hiyo, na ni vizuri kuzitaja hapa kwa kulinganisha.

== Reli na kamba za milimani kwingineko ==

Reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kijabe, nchini Kenya, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuta mteremko ambao treni ya kawaida isingeweza kuushuka. Wajenzi waliweka njia za muda za mteremko mkali, na mabehewa yakawa yanashushwa na kupandishwa kwa kamba za waya, ili ujenzi uendelee mbele huku madaraja ya njia ya kudumu yakijengwa. Reli hiyo ilifika Ziwa Viktoria mwezi Desemba 1901. Baadaye njia ya kwenda Uganda ilipita Timboroa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700.

Katika milima ya Usambara, Wajerumani walijenga reli ndogo ya upana wa sentimita 75 kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani ambako kulikuwa na kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea. Ilikamilika mwaka 1910. Ili kupanda, treni ilikwenda mbele, ikasimama, ikarudi kinyumenyume kwenye njia ya juu zaidi, kisha ikaenda mbele tena.

Upande wa Usambara Magharibi kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese ilikuwa na tatizo kubwa zaidi. Mitarakwa yake ilikuwa juu Shume, na reli ya Tanga–Moshi ilipita chini kabisa Mkumbara. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig iliwajengea njia ya kamba ya waya ya takriban kilomita 9, iliyoshusha magogo kwa tofauti ya kimo cha karibu mita 1,500. Huo ndio mfano wa karibu zaidi Tanzania iliowahi kuwa nao wa magari ya kamba ya milima ya Alpi, ingawa abiria wake walikuwa magogo. Mpango wa kuweka magari ya kamba ya watalii kwenye Mlima Kilimanjaro, uliotangazwa na serikali mwaka 2019, ulipingwa na waongozaji na wapagazi walioona riziki yao iko hatarini.

Tofauti kati ya kamba ya Mkumbara na reli ya Nachingwea ni muhimu kuliko inavyoonekana. Huko Usambara mti ulikuwa unaonekana juu ya mlima, na njia ikajengwa kuufuata hata kama ilikuwa ghali na ngumu. Kusini, njia ilikuwa rahisi kujengwa, lakini mwisho wake hapakuwa na kitu bado.

== Mpango wa Karanga ==

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi katika kampuni ya United Africa Company, alipendekeza kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe ulitumia wiki chache tu, sehemu kubwa ikiwa kwa kuruka na ndege, ukapendekeza mashamba ya ekari milioni 3.2 yaliyogawanywa katika vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja. Vitengo 80 vingekuwa Tanganyika, vingine Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na Kenya. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangwa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ndiyo ikawa makao yake. Maeneo mengine ya Tanganyika yalikuwa Kongwa na Urambo.

Maeneo yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa na watu wachache, ili mashine zifanye kazi bila kuhamisha vijiji vingi. Wapangaji hawakujiuliza vya kutosha kwa nini watu walikuwa wachache. Katika maeneo mengi ya mpango jibu lilikuwa maji au mbung'o, na wazee wa pale wangeweza kulieleza kwa siku moja.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kwa sababu kulikuwa na Reli ya Kati karibu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500. Matingatinga yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita yaliharibika haraka, mizizi ilivunja majembe, na udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu mno kuchimba karanga. Vifaru vya aina ya Sherman vilibadilishwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, navyo havikuokoa hali.

Mwaka 1948 mpango ulihamishwa kutoka United Africa Company kwenda shirika la serikali, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Waziri wa chakula John Strachey aliendelea kuutetea bungeni. Kadiri Kongwa ilivyokata tamaa, ndivyo matumaini yalivyohamia kusini, ambako mvua zilikuwa za kuaminika zaidi. Lakini kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina. Ilibidi vijengwe kwanza.

== Ujenzi na njia ==

Reli ilijengwa kwa upana wa mita moja, sawa na reli nyingine za Tanganyika na Kenya, ili vichwa na mabehewa ya kawaida ya Afrika Mashariki yaweze kutumika. Uendeshaji ulikuwa mikononi mwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Tanganyika na zile za Kenya na Uganda.

Mipango ilitaka njia ianzie Mtwara, ambako kuna bandari ya asili yenye kina kirefu karibu na mji wa kale wa Mikindani. Lakini Mtwara ilikuwa bado haijajengwa, na Nachingwea ilihitaji matrekta, mafuta, saruji na chakula mara moja. Kwa hiyo reli ilianzia kwanza Mkwaya, ndani ya hori ya Lindi. Meli zilitia nanga mbali, mizigo ikahamishiwa kwenye matishari, matishari yakaingia horini hadi Mkwaya, na huko mizigo ikapakiwa kwenye treni. Mzigo mmoja ulishikwa mara tatu au nne kabla ya kuanza safari ya bara. Treni zilifika Nachingwea mwaka 1949.

Baadaye njia ya kutoka Mtwara ilikamilika, na Mkwaya ikapoteza kazi yake. Bandari ya Mtwara yenye gati la mita 385 ilifunguliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1950 pia tawi lilijengwa kwenda Masasi. Hapo ndipo reli ilipofikia ukubwa wake wote: shina kutoka Mtwara hadi Nachingwea na tawi la Masasi.

Tarehe hizi zinafaa kusomwa kwa makini. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba Mpango wa Karanga umesimamishwa kwa ukubwa wake wa awali, na deni la zaidi ya pauni milioni 36 likafutwa. Maana yake ni kwamba bandari ya Mtwara ilifunguliwa miaka mitatu baada ya sababu yake kutoweka. Ujenzi uliendelea kwa sababu ulikuwa umekwisha kwenda mbali, na kwa sababu serikali ya kikoloni ilitumaini kwamba reli na bandari vingezaa mzigo mwingine vyenyewe.

== Mizigo ==

Tumaini hilo halikuwa la kipuuzi. Mikorosho ilikuwa inaenea kusini kwa kasi katika miaka hiyo, na kulikuwa na ufuta, mihogo, mahindi, mbao na mkonge. Tatizo lilikuwa mahali na wakati.

Kwanza mahali. Sehemu kubwa ya watu na mikorosho ya kusini iko juu, kwenye Nyanda ya Makonde, si mwishoni mwa reli huko Nachingwea. Nyanda hiyo ina watu wengi ijapokuwa maji ni shida: kwa muda mrefu wanawake walishuka ukingoni kuyateka mabondeni na kupanda nayo kichwani, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950. Mkulima wa Newala aliyetaka kuuza korosho alihitaji lori la kuzishusha. Zikishapakiwa kwenye lori, kulikuwa na sababu ndogo ya kuzishusha tena kituoni na kuzipakia upya kwenye behewa. Lori liliendelea moja kwa moja hadi Mtwara au Lindi. Reli iliyopita bondeni kwa sababu bonde ni rahisi ilikuwa imewapita wateja wake kwa chini.

Pili wakati. Korosho huvunwa hasa kuanzia Oktoba, ufuta katikati ya mwaka. Reli inahitaji kulipa mafundi, mastesheni masta, magenge ya kutunza njia na makaa au mafuta mwaka mzima. Lori likikosa mzigo husimama, na dereva akaenda shambani kwake. Treni ya Nachingwea ikikosa mzigo iligharimu karibu sawa na ikiwa imejaa, na mzigo wa kurudi bara ulikuwa mdogo kwa sababu watu wa kununua bidhaa bara walikuwa wachache.

Baada ya 1951 shughuli za kilimo Nachingwea ziliendelea kwa kiwango cha majaribio. Mwaka 1955 zilichukuliwa na Tanganyika Agricultural Corporation, iliyoweka wakulima wapangaji kwenye sehemu ya mashamba yaliyofyekwa. Mazao yao yalisafirishwa kwa reli, lakini hayakuweza kuilipia.

== Kufungwa ==

Reli ilifungwa mwaka 1962, chini ya mwaka mmoja baada ya uhuru wa Tanganyika. Ilikuwa imefanya kazi kwa miaka 13 hivi, na hasara ilikuwa ya kudumu. Serikali mpya ilikuwa na mahitaji mengi na fedha kidogo. Kung'oa reli kulikuwa uamuzi unaoeleweka kwa hesabu za shirika la reli, kwa kuwa chuma kilihitajika kwingine.

Kwa upande wa watu wa kusini hesabu ilikuwa tofauti. Lori lilishinda treni wakati wa kiangazi, lakini wakati wa masika barabara za udongo mweusi za Lindi na Mtwara zilikatika kwa wiki nyingi. Tuta la reli lilikuwa njia ya ardhini iliyopitika wakati wa mvua kuliko nyingine yoyote kati ya Nachingwea na bahari. Kuelekea Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mto Rufiji haukuwa na daraja upande wa pwani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, miaka 41 baada ya treni ya mwisho. Mtu aliyezaliwa Nachingwea mwaka treni ilipoondoka alikuwa na wajukuu, au karibu, alipoweza kwenda Dar es Salaam kwa basi bila kuvuka Rufiji kwa kivuko.

Ni vigumu kusema reli ingebaki ingeleta nini. Lakini si kweli, kama inavyosemwa wakati mwingine, kwamba kusini hakukuwahi kuwa na chochote cha kusafirisha. Korosho za kusini zikawa moja ya mazao makuu ya biashara ya Tanzania katika miaka iliyofuata, reli ikiwa imekwisha kung'olewa.

== Yaliyobaki ==

Kubwa kuliko yote ni Mtwara yenyewe. Kabla ya Mpango wa Karanga mji mkuu wa jimbo ulikuwa Lindi. Makao makuu yakahamia Mtwara, na Lindi ikapoteza nafasi yake ya zamani hadi ilipokuwa mkoa peke yake mwaka 1971. Gati la 1954 lilibaki gati pekee la Mtwara kwa zaidi ya miaka 60, mpaka la pili la mita 300 lilipojengwa karibu yake.

Nachingwea ilibaki na uwanja wa ndege, barabara zilizonyooka, majengo na mashamba yaliyopewa namba. Moja kati ya hayo, Farm 17, lilipata historia ambayo wapangaji wa karanga wasingeweza kuiota. Kuanzia mwaka 1965 chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi Nachingwea, na wapiganaji walioifundishwa hapo walivuka Ruvuma kwenda kupigana na Wareno. Samora Machel aliongoza kambi hiyo kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji. Baadaye wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe nao walipata mafunzo huko. Ardhi iliyofyekwa, mbali na macho ya watu na bado ndani ya mwendo wa siku moja au mbili kwa gari kutoka mpakani, ilifaa jeshi kuliko ilivyofaa karanga.

Karanga hazikuondoka. Wakulima wadogo wa kusini huzilima kwa jembe la mkono katika mashamba madogo, mara nyingi pamoja na mazao mengine. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilitoa mwaka 2009 mbegu kadhaa mpya za karanga, na kati yake moja inaitwa Nachingwea 2009 na nyingine Masasi 2009. Majina hayo mawili ni ya vituo viwili vya mwisho vya reli.

== Mipango mipya ==

Wazo la reli ya kusini limerudi mara kadhaa chini ya mpango wa Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara. Reli inayopendekezwa ni ya takriban kilomita 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ikiwa na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Tofauti na reli ya 1949, mzigo wake umekwisha kupimwa ardhini. Lakini nao bado uko ardhini, na matawi ya Mchuchuma na Liganga yatalazimika kupanda kwenye milima ya Ludewa, ambako hakuna bonde la Lukuledi la kuyarahisishia.

Njia hiyo inapita kusini mwa Nachingwea na Ruangwa. Ruangwa kwa sasa ina madini ya kinywe, yanayotumika katika betri za magari ya umeme, na uchimbaji umeanza katika eneo la Matambarale. Kinywe, kama ufuta na korosho za wilaya hizo mbili, husafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, na kufungwa kwa barabara wakati wa mvua ni jambo linaloulizwa bungeni.